Mtoto katika umri wa miaka 48: je, nitamdhulumu?

«Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 48, naishi Ujiji na nina duka la vitenge. Ndoa yangu ya kwanza ilivunjika baada ya mimba mbili kuharibika na nyingine kutopatikana. Miaka mitano iliyopita niliolewa tena na mtu mwema mwenye miaka 57 sasa, ambaye ana watoto wanne wakubwa aliozaa na marehemu mke wake. Hedhi yangu siku hizi haina mpangilio. Inakuja, inapotea miezi miwili, kisha inatoka nyingi sana. Nimesikia habari za mama wa Uganda aliyejifungua mapacha akiwa na miaka 70, nikajiambia kwamba basi mimi bado kijana. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 22. Nimemlea na kumsomesha tangu akiwa darasa la tatu, na amesema yuko tayari kunipa yai lake. Mimi niko tayari kuuza kiwanja changu cha Mwanga ili tupate gharama za Dar es Salaam. Lakini wifi yangu amenitamkia mbele ya watu kwamba nataka kuzaa yatima, na kwamba najifikiria mwenyewe tu. Maneno hayo hayanitoki. Sisi ni Waislamu. Je, ni kosa kutaka mtoto katika umri huu? Nitamdhulumu?»

Marahaba, dada yangu. Umeuliza kama ni haki kutaka mtoto katika umri wako, na nyuma ya swali hilo kuna lingine, kwamba je, mwili wako bado unaweza. Nitayajibu yote mawili kwa kadiri ya elimu yangu ya magonjwa ya wanawake na uzazi, na kwa kadiri ya niliyoyaona kwa wanawake wa Kigoma na Tabora niliowahudumia. Hata hivyo nakuambia mapema kwamba jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako si umri wako. Ni yule binti wa miaka 22, ambaye umemtaja kwa sentensi mbili tu.

Nianze na tuhuma ya ubinafsi, kwa kuwa ndiyo iliyokuumiza. Hakuna mtoto aliyewahi kuomba azaliwe. Msichana anayezaa akiwa na miaka 20 huzaa kwa sababu yeye, mumewe au ukoo wao walitaka mtoto, na hakuna anayemwita mbinafsi. Wewe umeishi miaka mingi katika mkoa ambao mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza na ambao nyumba isiyo na mtoto hupewa pole bila kufiwa. Kutaka kile ambacho kila mtu anayekuzunguka amehesabiwa kuwa nacho si dosari ya tabia. Wifi yako amekosea kukutamkia vile mbele ya watu. Lakini ndani ya maneno yake makali mna hoja moja ya kweli inayohusu mtoto, na hiyo nitaichukua kwa uzito unaostahili.

Kwanza tuweke sawa habari ya mama wa Uganda. Bi. Safina Namukwaya alijifungua mapacha kwa upasuaji mjini Kampala mwezi Novemba mwaka 2023, akiwa na miaka 70, katika hospitali maalumu ya matibabu ya uzazi. Habari hiyo ni ya kweli, ila waliokusimulia huenda walikuachia nusu yake. Mayai hayakuwa yake. Yalitolewa na mwanamke mwingine, yakarutubishwa maabara, kisha akapandikiziwa. Kwa hiyo habari hiyo haithibitishi kwamba mayai ya mwanamke wa miaka 48 bado ni machanga. Inachothibitisha ni kwamba mji wa mimba, ukisaidiwa kwa homoni, unaweza kubeba mimba hata miaka mingi baada ya hedhi kukoma.

Tofauti hii kati ya yai na mji wa mimba ndiyo msingi wa kila uamuzi utakaoufanya, hivyo nitaieleza taratibu. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku. Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, kati ya milioni 1 na 2, na akiba hiyo hupungua tangu utotoni bila kuongezwa, hata afikapo balehe hubaki kama 300,000 au 400,000. Kila yai hukaa katika ovari, yaani kifuko cha mayai, likisubiri, mengine kwa miaka arobaini na zaidi, huku kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, zikiwa zimeshikanishwa na protini maalumu. Kadiri miaka inavyopita protini hizo hulegea, kama kamba ya mtumbwi iliyokaa majini muda mrefu, na yai linapokuja kukomaa, kromosomu hazigawanyiki sawasawa. Yai lenye kromosomu pungufu au za ziada mara nyingi halishiki mimba kabisa. Likishika, mimba huharibika mapema. Na katika hali chache mtoto huzaliwa na tatizo kama lile la Down, ambalo humchelewesha kukua kimwili na kiakili. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali hiyo ni takriban 1 kati ya 1,250 kwa mama wa miaka 25, 1 kati ya 350 kwa mama wa miaka 35, na hufika karibu 1 kati ya 30 kwa mama wa miaka 45. Mimba zinazopatikana kwa yai la mwanamke aliyevuka miaka 45, zaidi ya nusu huharibika.

Hedhi yako inayokuja na kupotea ni dalili kwamba akiba inakaribia mwisho. Kupata mimba kwa yai lako mwenyewe si jambo lisilowezekana kabisa, na najua msikitini na kanisani mtatajiwa Bibi Sara, ambaye Kurani na Biblia zote zinasimulia kwamba alipewa mtoto uzeeni. Sina neno juu ya uwezo wa Mungu. Ninachopaswa kukwambia ni kwamba matibabu ya upandikizaji kwa kutumia mayai ya mwanamke mwenyewe katika umri wako huzaa mtoto kwa wanawake wasiofika 5 kati ya 100 kwa kila jaribio, na kwamba kituo chochote kitakachokuahidi zaidi ya hapo kwa mayai yako kinataka kiwanja chako cha Mwanga.

Mwili unaobeba nao una hesabu zake. Mwanamke anayekaribia miaka 50 hupata shinikizo la damu la ujauzito na kifafa cha mimba mara nyingi zaidi kuliko kijana, vivyo hivyo kisukari cha mimba, kondo la nyuma kukaa mahali pabaya, kuvuja damu baada ya kujifungua na kuzaa kwa upasuaji. Mimba ya yai la mtu mwingine huongeza zaidi hatari ya shinikizo la damu, kwa sababu mwili wa mama hukutana na chembe ambazo hazina asili yoyote kwake. Mapacha huzidisha kila hatari niliyoitaja. Kwa hiyo, ikiwa mwanamke wa umri wako atapandikiziwa, apandikiziwe kiinitete kimoja tu, yaani yai moja lililokwisha kurutubishwa, hata kama daktari au majirani wanavutiwa na habari za mapacha. Mahali pa kuishi nako kuna maana. Wewe wa Ujiji unaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kwa bodaboda, na kesi ikizidi kuna rufaa ya Bugando, Mwanza. Dada mwenye hali kama yako anayeishi kijiji cha mwambao kule Uvinza, ambako mgonjwa husubiri boti na ziwa likichafuka husubiri zaidi, ningemjibu kwa ukali kuliko ninavyokujibu wewe, kwa kuwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda mfupi kuliko safari hiyo.

Sasa nije kwenye neno «yatima». Watu hupenda kuchukua wastani wa umri wa kuishi wa Mtanzania, ambao ni miaka sitini na ushei, wakatoa umri wa mama, wakasema mtoto atabaki peke yake akiwa na miaka kumi na kitu. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa na hushushwa na vifo vya watoto wadogo. Mwanamke aliyekwisha kufika miaka 48 akiwa na afya nzuri anaweza kutarajia kuvuka sabini. Ukijifungua ukiwa na miaka 49 au 50, mtoto atatimiza miaka 18 wewe ukiwa na takriban 68. Mume wako atakuwa amepita 75. Angalia, dada yangu, kwamba wifi yako hakumwambia kaka yake kwamba anazaa yatima, ingawa kwa umri ndiye anayetarajiwa kuondoka kwanza. Hata mbegu za mwanamume huzeeka. Watafiti walionyesha mwaka 2012, kwa kuchunguza familia za Iceland, kwamba baba humrithisha mtoto mabadiliko mapya ya vinasaba kama mawili zaidi kwa kila mwaka anaoongeza. Kipimo tunachomwekea mama tumwekee na baba, ama tusimwekee yeyote.

Hata hivyo wastani haumlindi mtu mmoja. Bi. María del Carmen Bousada wa Hispania alijifungua mapacha mwaka 2006 akiwa na miaka 66. Aliidanganya kliniki ya Los Angeles kuhusu umri wake, na alisema kwamba mama yake aliishi hadi miaka 101, hivyo naye angeishi muda mrefu. Alifariki mwaka 2009 kwa saratani, watoto wakiwa hawajafika miaka mitatu. Simtaji ili nikutishe, kwani wewe una miaka 48 tu na una mume. Namtaja kwa sababu alijenga malezi ya watoto wawili juu ya matumaini ya kuishi, na sioni kwamba inafaa kumfanyia mtoto hivyo mama akiwa na umri wowote.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit aliwahi kuibua hoja ngumu katika miaka ya 1980. Kwa maneno yangu ni hivi: mtoto utakayemzaa ukiwa na miaka 49 hawezi kuzaliwa wakati mwingine wowote, kwa kuwa yai na mbegu nyingine zingemleta mtu mwingine. Kwa mtoto huyo chaguo si kati ya mama kijana na mama mzee, ila ni kati ya kuwa na mama mzee na kutokuwapo kabisa. Basi amedhulumiwa vipi, ikiwa maisha yake yana mema ya kutosha kumfanya afurahi kuwa hai? Nimeitafakari hoja hii kwa miaka mingi. Naikubali kiasi cha kusema kwamba hapana, hutamdhulumu mtoto kwa kumzaa tu. Siikubali kiasi cha kumwachilia mzazi huru, kwa maana mtoto akishakuwapo ana haki zote, na mzazi anayejua tangu mwanzo kwamba huenda ataondoka mapema ana deni la kupanga kabla hajazaa. Nani atamlea? Je, mtu huyo ameulizwa na amekubali kwa kinywa chake? Watoto wanne wa mume wako, ambao ndio watakaokuwa kaka na dada wa mtoto huyo na warithi pamoja naye, wanasemaje? Katika barua yako hawana sauti. Ningependa wasikilizwe kabla ya daktari yeyote.

Na tusijidanganye kwamba malezi ya wazee ni jambo geni kwetu. Ukipita Ujiji, Kasulu au Urambo jioni utawakuta mabibi wa miaka 65 wakiosha wajukuu walioachwa na mabinti waliofariki au waliokwenda mjini kutafuta, na jamii huwasifu. Ikiwa mwanamke wa umri huo anaaminiwa mtoto wa mwenzake, hoja kwamba mikono ya miaka 60 haiwezi kulea haisimami. Kinachowawezesha mabibi wale ni kwamba hawako peke yao. Kuna shangazi, kuna mjomba, kuna jirani. Ndiyo maana nakuuliza habari za watu kabla ya kukuuliza habari za homoni.

Turudi kwa mpwa wako. Unasema amejitolea mwenyewe, nami sina sababu ya kutokuamini. Lakini jiweke mahali pake. Amefiwa na mama yake, wewe ukampokea, ukamlisha, ukamsomesha. Anakula mezani kwako na kukuita mama mdogo. Binti wa namna hiyo, akimwona mama mdogo wake analia usiku, ana nafasi gani ya kusema hapana? Ridhaa ya kweli huhitaji mtu awe na uwezo wa kukataa bila kupoteza kitu, na yeye akikataa anaogopa kuonekana hana shukrani. Halafu kuna mwili wake. Kutoa mayai si kama kutoa damu. Atachomwa sindano za homoni kwa siku zinazokaribia wiki mbili ili ovari zikomaze mayai mengi kwa mkupuo, kisha mayai yavutwe kwa sindano inayopitishwa ukeni akiwa amepewa dawa ya usingizi. Wengi hupona salama. Wachache ovari huvimba kupita kiasi, maji hujaa tumboni na damu huganda, hali inayoweza kuua isipohudumiwa haraka. Yeye hajazaa bado. Baadaye ataishi nyumba moja, au ukoo mmoja, na mtoto aliyetoka katika yai lake ambaye atatakiwa amchukulie kama mdogo wake tu. Siku atakapotaka kukosoa malezi yako, je, ataweza kunyamaza? Na siku atakapochumbiwa, mchumba wake ataambiwa nini?

Kwa sababu hizo ushauri wangu ni kwamba usilichukue yai la binti huyo. Umeshamlipia ada na kumpa nyumba; mwache mema hayo yabaki mema, yasigeuke kuwa deni linalolipwa kwa mwili wake.

Umesema ninyi ni Waislamu, na hapo kuna jambo la kuulizia mapema, si baada ya kuuza kiwanja. Mimi si shehe, lakini msimamo uliotolewa Al-Azhar, kituo kikongwe cha elimu ya Kiislamu nchini Misri, mwaka 1980, na unaofuatwa na wanazuoni wengi wa Kisunni, ni kwamba kurutubisha yai maabara ni halali kati ya mume na mke wakiwa ndani ya ndoa, na kuingiza yai au mbegu ya mtu wa tatu ni haramu kwa kuwa huchanganya nasaba. Baadhi ya wanazuoni wa Kishia wameruhusu yai la mwanamke mwingine kwa masharti. Kanisa Katoliki, nalitaja kwa ajili ya wasomaji wengine, halikubali urutubishaji wa maabara hata kati ya wanandoa. Ninyi wawili mketi na shehe mnayemwamini, mmweleze jambo lenyewe bila kulipamba.

Kwa yeyote mwingine atakayetumia yai la kupewa, nasisitiza mtoto aambiwe ukweli tangu akiwa mdogo, kwa lugha ya umri wake. Siri ya namna hii katika miji yetu hukaa mpaka siku ya ugomvi wa kwanza, kisha mtoto huisikia kutoka kwa mtu mwenye nia mbaya.

Kuhusu fedha, jaribio moja hugharimu mamilioni mengi ya shilingi, hulipwa mfukoni, na mara nyingi moja halitoshi. Kiwanja kile kikiuzwa na mimba isishike, umepoteza vyote viwili. Ikishika, mtoto atazaliwa katika nyumba iliyokwisha kutumia akiba ya kumlea, wakati wazazi wake wamebakiwa na miaka michache ya nguvu za kutafuta nyingine. Kwa mwanamke wa miaka 30 ningelipima jambo hili kwa namna nyingine.

Ipo njia ambayo hukuitaja, na naileta mbele yako bila kusema kwamba ni sawa na ile uliyoitamani, kwa sababu si sawa, na una haki ya kuomboleza mtoto ambaye hukumzaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu malezi ya kambo, yaani kumtunza mtoto wa wengine nyumbani kwako, kupitia Ofisi ya Ustawi wa Jamii, na kuasili mtoto, yaani kumfanya wako kisheria, kupitia Mahakama Kuu, mwombaji akiwa na umri wa angalau miaka 25 na amemzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Umri wako si kizuizi. Kwa Muislamu, kumlea yatima ni ibada inayohimizwa sana, mradi asibadilishiwe nasaba yake, na ingawa harithi kama mtoto wa kuzaa, unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali yako. Hapo ndipo kiwanja cha Mwanga kingepata kazi njema. Ninachokusihi ni usimchukue mtoto kwa makubaliano ya pembeni na mama maskini au na mtu anayedai anajua mahali pa kumpata. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri uamuzi wowote kati ya hayo. Damu inayotoka nyingi baada ya kukosekana miezi miwili, katika umri wa miaka 48, huenda ni mabadiliko ya kawaida ya kukaribia kukoma hedhi, lakini pia huenda ni uvimbe katika mji wa mimba au ugonjwa wa ukuta wake, ukiwemo ule wa saratani. Nenda Maweni wiki hii. Andika tarehe za hedhi zako za mwaka mzima kadiri unavyozikumbuka, upimwe ujauzito, wingi wa damu, shinikizo la damu, sukari, shingo ya kizazi na utrasaundi, na uombe kuonana na daktari wa magonjwa ya wanawake. Mume wako aende nawe, naye apimwe. Majibu hayo yakishapatikana ndipo mzungumze na daktari huyo, uso kwa uso, kama mwili wako unafaa kubeba mimba yoyote. Na kama kabla ya siku hiyo damu itakuwa inalowesha pedi ndani ya saa moja, au ukapata kizunguzungu na moyo kwenda mbio, usingoje kupambazuke. Waamshe wa nyumbani wakupeleke hospitali usiku huohuo.